Elfu Mbili Zangu

Saa nne usiku, Isevya, umeme umekatika,
chaji asilimia kumi na tisa.
Nimekalia ndoo niliyoipindua
naandika habari za jiko.
Si langu, ni la kampuni moja ya Mwanza.
Anayelinunua kwa namba yangu,
elfu mbili zinaingia kwenye simu yangu.
Hilo nimeliweka juu kabisa,
kabla ya picha, kabla ya bei,
asije mtu akasema Nyamizi alinificha.

Nimelipikia wiki tatu.
Maharage yameiva kwa vipande saba vya mkaa.
Ila mguu mmoja unalegea:
ukibandika sufuria ya shughuli
litakuaibisha mbele ya wageni.
Hilo nalo nimeandika.

Mwezi jana walinipa taa.
Kamisheni nono, elfu nane.
Siku ya nne ikazima,
Kashindye wangu yumo katikati ya hesabu za sehemu.
Nikafuta tangazo,
nikawapigia watano waliokwisha kununua, mmoja mmoja,
sauti ikinikauka.
Kampuni wakasema, "Dada, unajiharibia."
Nikautazama mfuko wa unga, shingo imekunjwa.
Nikasema, haya.

Kulipokucha, huyo Kalunde wa nyumba ya pili,
noti kazifunga kwenye ncha ya kanga.
"Mguu ule, fundi Msanzya hawezi kuukaza?"
Anaweza.
"Basi niagizie. Na hizo elfu mbili zako
uzile kwa raha. Kwani umeziiba?"