Ulizeni Alhamisi

Shambani kwetu, kando ya Entebbe,
mawaridi hayajui Desemba.
Yanajua wiki: wiki ya kukata,
wiki ya ndege ya mizigo.
Mimi ndiye mwandika vibandiko.

Jumanne moja, 31 Desemba 2019,
nilibandika katoni mia mbili:
Wiki 01, 2020.
Getini, Opolot akaliandika lori lilelile
limetoka 2019, tena kwa wino mwekundu.
"Umelewa kabla ya sherehe," akaniambia.

Nilikuwa nimefundishwa hivi:
wiki haipasuliwi kama muwa.
Ikiangukia mpakani mwa miaka
huulizwa Alhamisi yake, wewe wa nani?
Ikijibu "wa Januari," wenzake sita humfuata,
hata waliovaa Desemba.
Basi mwaka huu wiki hamsini na mbili,
mwingine hamsini na tatu, kama mimba iliyopitiliza.
Ule wa barakoa ulikuwa na hamsini na tatu.
Nani atashangaa?

Kwa nini Alhamisi? Ni ya nne, ya katikati,
ukianza kuhesabu Jumatatu.
Kiswahili changu cha Arua kikagoma:
Jumatatu iwe moja, na tatu imo jinani?
Na Alhamisi, ambayo kwa Waarabu ni ya tano,
imekaa mgongoni mwa Jumatano.
Tano mbili tunazo, sita hatuna.
Nabawanuka wa chumba cha baridi akacheka
hadi mvuke ukamtoka:
"Sisi tunaiita Lwakuna. Ya nne.
Maua yenu yanahesabu Kiganda."

Mama alifariki Jumatatu,
30 Desemba 2024.
Msalabani wameandika hivyo, kwa rangi nyeupe,
nne imepinda kidogo.
Nilipanda basi la usiku. Tulimzika Jumanne.

Niliporudi, Tumuhairwe wa ofisini
alinigeuzia kioo cha kompyuta:
siku zangu za msiba, zote,
Wiki 01, 2025.
Zimekatwa kwenye likizo ya mwaka mpya,
mwaka ambao Mama hakuuona hata alfajiri yake.
"Si mimi," akasema, "ni mashine,"
akanisogezea kalamu.

Ningeweza kubishana. Opolot angebishana.
Nilishika kalamu nikawa naiwaza Alhamisi ile,
yenye wiki yake,
nilikuwa wapi.
Nilikuwa uani, Arua,
nafua shuka zake.