Siku Saba za Kimya

Ipyana,
alipokufa baba yako mdogo Ambakisye
simu yake iliendelea kuita.
Tuliichaji jikoni, kando ya debe la unga,
wiki sita,
na kila ilipoita tulisimama wote
kana kwamba mwenyewe ameingia na tope viatuni.
Haikufunguka.

Sijawahi kukueleza hili: pale Makandana,
kabla hawajamfunika,
ndugu yetu mmoja (simtaji, bado tunasalimiana)
alikishika kidole gumba cha marehemu
akakilaza juu ya kioo.
Simu ikatetemeka kidogo, ikakataa.
Ilijua kabla ya wengi wetu
kwamba huyu siye.

Mle ndani zilibaki
fedha za parachichi za watu kumi na mmoja,
picha za mipaka ya kiwanja cha Kiwira,
na sauti ya bibi yako akihesabu vifaranga.
Fedha tulilipa, ng'ombe wawili wakaenda.
Kiwanja kina kesi.
Sauti, basi.

Kwa hiyo leo nimekaa,
mvua ya Tukuyu inagonga bati tangu alfajiri
kama mtu anayedai,
nikafanya nilichofanya miaka ishirini na sita
katika vitabu vya chama cha wakulima wa chai:
nimefunga hesabu.

Nywila zangu zote ziko katika kabati moja, ndani ya simu.
Ni tisini na mbili. Usicheke.
Mtu anaishi nyumba ya vyumba vitatu
na ana milango tisini na miwili.

Jina lako nimeliandika humo, wewe ndiye wa kufungua.
Utaratibu ni huu, usome polepole:
utaomba kuingia.
Kabati litaniuliza mimi, nimruhusu?
Nitapewa siku saba za kukataa.
Nisipojibu
litafunguka.

Nimecheka peke yangu.
Katika nyumba hii kimya changu
hakijawahi kuwa ndiyo.
Ulipotaka kuacha chuo ukauze mbao
sikusema neno,
na kesho yake ukapanda basi la asubuhi kurudi Iringa.
Mara hii tu, mwanangu,
nikinyamaza nimekubali.

Siku hizo saba usikae unaikodolea macho simu.
Kutakuwa na wageni wa kupikiwa ndizi.
Kuna migomba nyuma ya choo inasongana, ipunguze.

Utakayoyakuta:
luku, maji, benki,
ada ya watoto wa Tumwimbile, nailipa nusu bila yeye kujua.
Endelea kulipa. Endelea kutojulikana.
Barua nne za hasira kwa mwenyekiti wa chama,
sikuzituma hata moja.
Zisome ukitaka. Nilikuwa naandika vizuri.

Na kuna akaunti yenye jina la Bupe.
Usimuulize baba yako mbele za watu.
Haina kitu kikubwa: elfu kumi, kila mwezi wa nne.
Alikutangulia, akakaa siku nne.
Mwaka huu angetimiza thelathini na moja.

Pale penye nywila yake utakuta patupu.
Nywila ni uzito wake, kwa gramu,
kama nesi alivyouandika kwenye kadi.
Huwa naiandika mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu.
Sikutaka mashine
inisaidie kukumbuka hilo.

Kwa hiyo hiyo moja haimo kabatini.
Njoo Jumamosi.
Nitachemsha magimbi, baba yako atakuwa kanisani
kwenye mazoezi ya kwaya,
nitakutajia kwa mdomo, mara mbili,
nawe utanirudishia nisikie
kama umeshika.