Keki ya Mkaa

Mkaa juu, mkaa chini, sufuria katikati,
na Ndeshi keshafunua mara tatu.
"Itabonyea," namwambia. "Mwaka jana ilibonyea."
"Mwaka jana ulikuwa mdomo wako."

Kiboriloni ndizi zimepanda, mkungu bei ya jogoo;
mtori wa Krismasi hii utakuwa maji na salamu.
Mbege ya Mama Aikande imechacha kabla ya wageni,
wageni wenyewe wako Korogwe, pancha.

"Eliaichi haji. Katuma hela."
Anasema hivyo akipepea moto,
macho kwenye majivu.

Anaipua. Anakata kwanza pembeni, palipoungua,
kipande walichokuwa wakikigombania yeye na mwanawe,
anakifunga gazetini.
Simuulizi.

Katikati imebonyea kweli.
Tunaanzia hapo kula.