Pancha, Barabara ya Kumi na Nne

Kitabu cha mafunzo kina kurasa thelathini na mbili
na pingamizi kumi na moja, kila moja na dawa yake.
Mteja akisema sina hela, muulize chai ya asubuhi anainywa kwa bei gani,
vitumbua viwili, soda ya mchana; jumlisha mbele yake,
mgeuzie kikokotozi ajionee.
Akisema Mungu ndiye bima yangu, itikia amina,
kisha mkumbushe kuwa ngamia hufungwa kwanza.
Akisema nitafikiri, usiondoke.

Majibu yote nimeyakariri. Nimeyasema Makorora,
nimeyasema Mikanjuni mlangoni kwa mwalimu
aliyesahihisha madaftari bila kuinua kichwa,
na sokoni Mgandini kwa muuza ndimu aliyeniambia,
"Mwanangu, usinitajie kifo na bado sijafungua biashara."
Hilo sikuwa na dawa yake.
Nikanunua ndimu.

Leo baiskeli imeishiwa pumzi Ngamiani.
Fundi Bakuza akaipindua, akauchomoa mpira,
akauzamisha kwenye beseni kipande kwa kipande
hadi povu likamwonyesha palipotoboka.
Nikaona hapa hapa: mikono yake ina kazi,
hana pa kunikimbilia.

"Fundi, ukiondoka leo, watoto wanabaki na nani?"
"Naondoka kwenda wapi?"
"Namaanisha..."
"Najua unachomaanisha. Litaje lenyewe."

Nikalitaja. Kufa.
Hakushtuka. Aliendelea kuukwangua mpira kwa msasa.

"Mimi nina chama," akasema. "Tuko ishirini na wanane,
elfu mbili kila Ijumaa, daftari analishika Shehizo.
Alipofariki mama, sanda ilitangulia machozi."

Hiyo ni pingamizi ya saba. Nikajibu kama ilivyoandikwa:
chama kitakuzika, fundi, hakitasomesha.
Sanda ni ya siku moja.
Ada ni kila Januari.

Akanyamaza. Gundi ikanuka.
Kitabu kinasema hapo nawe unyamaze,
atakayeanza kusema ndiye aliyeshindwa.

Akaanza yeye.
"Na ya kwako wewe? Unalipa shilingi ngapi kwa mwezi?"

Haimo.
Nilipekua kurasa zote kichwani, thelathini na mbili, na jalada.
Yangu ilikatika Machi, mwenye nyumba alipotaka kodi ya miezi sita.
Nikajiambia Aprili. Aprili nikasingizia mvua.

"Nalipa," nikasema, macho yangu kwenye beseni,
alikokuwa ameurudisha mpira kuuhakiki,
na kando ya kiraka
kipovu kimoja kikapanda, kikapasuka.

"Bado panavuja," akasema.

Akabandua, akabandika upya. Mia tano.
Nilipokwisha kukalia tandiko akanishika usukani:
"Jumatatu njoo na risiti yako.
Nikiiona, natia saini.
Sina neno jingine."

Sasa ni saa nne usiku, Mabawa. Tunu amelala,
mguu mmoja nje ya chandarua kama kawaida yake.
Nimetandaza fomu juu ya kitambaa cha meza.
Mteja: Mwanamvua Shekiondo. Umri: thelathini na tisa.
Naanza naye kwa sauti ya chini, ukurasa wa kwanza.
Chai ya asubuhi bei gani, mama?
Sinywi chai, ananijibu, na ni kweli,
ameiacha tangu sukari ipande.
Chama?
Ametoka, walimdai.
Mungu?
Amina.
Ngamia nimemtaja, akacheka kidogo.

Nitafikiri, anasema.

Na kwa kuwa nimekatazwa kuondoka,
nimekaa. Taa inavuta mbu.
Kwenye mstari wa mnufaika nimeandika T, nimeandika U,
kalamu imekwaruza N bila wino,
naipulizia pumzi ya moto,
naijaribu kwanza kiganjani.