Kistari

Jiwe hufika Jumanne, jeusi, limefungwa kamba,
bado halijui jina la mtu.
Mimi ndiye wa kulifundisha.
Mwaka wa thelathini na tatu huu, kwa sindano ya chuma,
nukta kwa nukta nachora wafu wa Rustavi:
ndevu, vifungo vya koti, kidoti cha shavuni
alichokisahau mjane, nikakikumbuka mimi.

Ila wengi huja wangali hai.
Otari wa kiwanda cha chuma alileta picha yake
ameegemea Mercedes nyeupe.
"Hivi hivi. Na namba ya gari isomeke."
Gari lenyewe liliuzwa zamani, likalipa madeni.
Jiwe lilipokuwa tayari, alivuta tumbo ndani,
akasimama mbele yake kama mbele ya kioo,
akanyoosha kola.
Mtu huyu hutazama ng'ombe akichinjwa, asipepese.
Hakuweza kutazama pale chini,
baada ya mwaka wa kuzaliwa,
kistari kinachongoja mwaka wa pili.
Kistari nachora bure.
Hakuna aliyewahi kuniuliza bei yake.

Februari ile, tanuri lilipolipuka,
majeneza matano yalipita barabara ya kiwandani,
vifuniko vimepigwa misumari.
Watu wakarudi makaburini na tope viatuni,
wakaja kwangu kabla ya kulipangusa.
Msalaba wa baba uzidi wa jirani kwa shubiri mbili.
Bendera iwepo.
Maandishi yawe Kijojia kitupu, hata ya yule mke Mrusi
aliyepika katika nyumba ile miaka arobaini.
Na Eteri, mwalimu, mpole kama maziwa,
aliyewafundisha watoto wa Kiyazidi kushika kalamu,
akaninong'oneza: "Wasizikwe safu moja na mama.
Si chuki, Jumberi. Ni utaratibu tu."
Nikaandika daftarini: utaratibu.
Nilijiona karani wa hofu za wengine.

Jumatatu daktari aliinua picha ya mapafu yangu dirishani.
"Vumbi," alisema.
Weupe ulikuwa umetapakaa humo, nukta kwa nukta.
Kazi safi. Ningeutambua mkono wa fundi popote.

Nikarudi dukani. Chai ilikuwa bado na moto.
Akaingia Shamo, Myazidi anayefagia stesheni,
kofia mkononi, na picha ya binti yake Zozani,
miaka kumi na tisa.
Aliomba tausi juu ya kichwa chake, tausi mdogo tu.
Bei yangu ni lari mia nane. Kila mtu anaijua.
Kinywa kikasema: elfu moja na mia sita.
Kikasema: tausi simchori, hii ni ardhi ya Wakristo.
Mimi, ambaye kanisani huingia kupima marumaru!
Na uti wa mgongo ukaninyooka.
Kwa pumzi mbili, tatu, sikuwa na mapafu.
Nilikuwa wa kale, wa hapa, mlima mtupu,
na mlima haukohoi.

Shamo hakubisha. Alihesabu noti, kisha sarafu,
kisha akapiga mifuko kuhakikisha hakuna iliyobaki.

Usiku nilikuwa kwenye kope za Zozani
kikohozi kiliponijia. Sindano ikateleza,
mkwaruzo mrefu juu ya nywele zake.
Mkwaruzo wa jiwe haufutiki;
dawa yake ni kuufanya kitu.
Nikaupa shingo. Nikaupa taji la manyoya matatu.
Mkia ulinichukua hadi alfajiri.

Usinisifu.
Mia nane za ziada zimo katika droo bado,
chini ya picha ya mapafu, na leo ni Alhamisi ya pili.
Jiwe langu nimeliegemeza ukutani.
Jina nimeandika, mwaka nimeandika, kistari nimechora.
Na juu yake, Mungu anisamehe,
nimejichora kijana,
mabega mapana,
mrefu kuliko nilivyopata kuwa.