Wa Kumi na Nne

Famau wa saiba, pale Langoni,
alinigeuzia kioo cha kompyuta:
"Hukukataliwa, Mwanashee. Kukubaliwa pia, bado.
Umewekwa."
Kama samli kabatini.

Uuguzi, nafasi arubaini,
na mimi wa kumi na nne kwenye waliowekwa.
Mlango huu haufunguki kwa kubishwa;
hufunguka mwenye kiti akiinuka.

Basi tangu Jumatatu nimebadili dua.
Siombi niitwe. Nawaombea kumi na watatu nisiowajua:
huyu apate ufadhili wa Uturuki,
yule aitwe udaktari,
yule mwingine achoke tu, aghairi.
Sijapata kuwatakia watu kheri
kwa choyo kama hiki.

Mama hana habari na foleni.
Begi amelipeleka kwa fundi, limetiwa zipu mpya,
limesimama dakani, majirani waliulize.

Leo imefika barua nyingine: ualimu, Garissa.
Nikamkumbuka wa kumi na tano,
aliye nyuma yangu, sijui wapi, juu ya mswala wake.

Dua ya mtu imejibiwa.
Sijui kama ni yangu.