Nyanya Zisizo na Unga

Shati la Woniala nililifua peke yake,
beseni lake, kamba yake nyuma ya choo,
na maji yale nikayamwaga mbali na kuku.
Miaka sita alibeba bomba mgongoni,
lita kumi na sita, shamba hadi shamba, Budadiri yote,
kila bomba kwa bei yake,
puani kafunga kipande cha khanga yangu kuukuu.
Akirudi midomo imekufa ganzi.
Chai haina ladha. Mtoto hambebi.

Tuliiita dawa.
Sikupata kuuliza mgonjwa ni nani.

Kopo likiisha, dukani kwa Gimei
lilipimia sukari. Lina picha ya fuvu;
Khainza wetu alilichora kwenye daftari,
akalipaka rangi, akalipa jina la mjomba wake.

Msimu huu nikasema bomba lipumzike.
Nikatwanga pilipili na kitunguu saumu,
nikatia majivu, kipande cha sabuni,
nikachovya ufagio, nikanyunyiza jioni
kama mtu anayebariki nyumba asiyoiamini.
Viwavi nikawaokota kwa vidole, mmoja mmoja,
tochi ya simu nimeibana kwapani.
Mvua ikashuka kutoka mlimani, ikaosha kila kitu.
Nikatwanga tena.
Theluthi ya nyanya ilioza. Sitadanganya.

Sokoni Mbale mchuuzi akaigeuza moja kiganjani,
akaisugua kwa kidole gumba,
akakitazama kidole.
"Mama, mbona safi hivi? Haina unga?
Hii kesho kutwa ni maji. Niletee zile nyeupe,
wateja wanajua zimetunzwa."
Akanilipa nusu.
Nikapanda boda na kreti tupu mapajani,
nikicheka, dereva akidhani nazungumza na simu.

Bomba bado linaning'inia kwenye boriti.
Muhula unafunguliwa mwezi ujao,
na ada haijui kutwanga pilipili.
Siku nyingine namkamata Woniala akilitazama;
siku nyingine ananikamata mimi.

Lakini jana, mpakani mwa shamba,
alichuma nyanya, hakuifuta,
akaiuma papo hapo, maji yakamchuruzika kidevuni.
Nikangoja.
Akatafuna taratibu, kama anayesikiliza mlango.
"Ina chumvi," akasema,
akajigusa midomo kwa kidole,
mdomo wa juu, kisha wa chini.
"La. Ni jasho langu."
Akauma tena.